Bosi Niliyemtunga Mwenyewe

Wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari kabla hujafika ukurasa huu, nakufupishia.

Niliachishwa kazi kiwanda cha magodoro baada ya miaka ishirini na miwili ya kutunza stoo. Nikaenda semina ya utajiri, nikamsikiliza Kocha, nikachukua kiinua mgongo chote nikajenga nyumba ya vyumba sita vya kupangisha. Kiwanja kilikuwa kimenunuliwa miaka minne nyuma kwa fedha za duka la mke wangu. Duka lake la vifungo na nyuzi alilifunga, akauza mpaka meza. Hatuna kingine. Nyumba hiyo ikienda, na sisi tumekwenda.

Niliishia pale vyumba vyote sita vilipopata watu, nikajiona nimefika. Leo nasema nilikofika.

Na wewe mwenye kiwanja chako pembeni, unayepiga hesabu za matofali kitandani, sogea karibu. Ada ya somo hili nimeshalipa mimi. Wewe unasoma bure.

Kocha alitupa kanuni moja niliyoiandika kwa wino mwekundu. "Mpangaji asijue kamwe kwamba nyumba ni yako," alisema. "Jiite msimamizi. Akija kulia, sema utamfikishia Bosi. Kesho yake mwambie Bosi amekataa. Lawama anabeba Bosi, wewe unabaki mtu mwema."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi nilisimama kabisa.

Maana nina ugonjwa mmoja: siwezi kumwambia mtu hapana usoni. Kule stoo nilikuwa na kidirisha chenye nondo. Nyuma ya nondo nilikuwa simba. Nje ya nondo, mtu akiniomba shati nitamuuliza kama anataka na vifungo.

Basi nikamtunga Bosi. Nikampa urefu, nikampa kitambi, nikampa biashara ya vipuri ng'ambo na hasira za karibu karibu.

"Na mimi kwenye mchezo wako huo ni nani?" mke wangu akauliza.

Sikuwa nimelifikiria hilo. "Wewe uwe unakuja asubuhi unafagia uwanja. Uangalie nani anamwaga maji hovyo. Sema umeajiriwa na Bosi."

"Nifagie uwanja wangu, niseme nimeajiriwa?"

"Ni akili ya biashara, mke wangu. Kwa muda mfupi tu."

Alinitazama, akachukua fagio. Ningekuwa na akili ningeogopa pale pale, alipokubali bila kugomba. Wapangaji wakambatiza Dada Fagio, na kufika mwezi wa pili walikuwa wanamnyooshea kidole pa kurudia.

Sisi wenyewe tulikuwa tunakaa mtaa wa pili, vyumba viwili vya kupanga. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwenye nyumba niliyepanga. Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya Kocha.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama nimeyalainisha kwa sabuni. Chumba namba moja alikaa Mama Cherehani, fundi wa nguo, mdomo wazi na roho nyeupe. Alitaka kuongezewa dirisha. Nikamwambia nitamuuliza Bosi. Nikaenda nyuma ya choo, nikakaa dakika tano na simu sikioni, nikarudi nimekunja uso.

"Amekataa. Na mimi amenitukana juu."

"Amekutukana wewe? Kwa sababu ya dirisha langu?" Akajishika kifua. "Jamani, pole baba."

Kesho yake nikakuta nimewekewa chai.

Hapa Kocha hakutufikisha. Ukitunga mtu katili, watu watamhurumia anayemtumikia. Nilitaka waogope, wao wakanionea huruma. Wakaanza kunisimulia mambo yao yote: nani anapika kwa umeme wa kuiba, nani ameleta ndugu wanne chumba kimoja, nani anasema kodi imechelewa kwa msiba na hakuna aliyekufa. "Usimwambie Bosi," wananinong'oneza. Nami naapa simwambii. Na kweli, ningemwambia nani?

Mwisho wa mwezi wa tatu wakanichangia viatu. Vyumba vinne vilikuwa havijalipa kodi, lakini kwenye viatu vyote sita vilichanga.

"Kodi isubiri, yeye anazo," alisema Mama Cherehani, ameinama ananifunga kamba kwa mkono wake. "Wewe ndiye huna."

Vilinibana vidole. Nikasema vimenikaa sawa.

Mwezi wa tano wakaitisha kikao uwanjani, Jumapili mchana. Aliyeongoza ni Mwalimu wa chumba namba nne, mstaafu wa hesabu, mtu wa shati la kupigwa pasi hata akienda kuoga. Alikuwa ameandika barua ya kwenda kwa Bosi, hoja kumi na moja. Kumi zilikuwa kweli tupu. Paa la chumba cha tano linavuja. Mfuniko wa shimo la choo umepasuka. Bomba ni moja kwa watu kumi na tisa. Ya kumi na moja ilisema Bosi amlipe msimamizi mshahara wa haki.

Nikapigiwa kura kuwa katibu. Nikapewa kalamu. Nikasaini barua ya kujishtaki mwenyewe, na watu wakanipigia makofi.

Chukua kalamu na wewe, hapa pana somo. Mpangaji akikuambia paa linavuja, panda ngazi. Bati moja na kiganja cha misumari ningenunua wiki ile, leo nisingekuwa navua nguo mbele ya wasomaji.

Mimi badala ya kununua bati nilinunua karatasi. Nikakaa nyumbani kuandika jibu la Bosi. Nilikusudia mistari mitatu ya kukataa kwa adabu. Lakini jamani, kumbe ubosi mtamu! Miezi mitano nimekenua meno, nimeitikia pole, nimekunywa chai ya huruma. Kalamu ikashika moto.

"Anayelowa ahamishe kitanda," nikaandika. "Anayeona bomba moja halitoshi, apunguze kiu. Na huyo mwalimu wenu aliyestaafu bila hata banda la kuku asinifundishe mimi nyumba."

Nikacheka peke yangu. Mke wangu alikuwa anakunja nguo pembeni. Alisoma, akairudisha karatasi mezani.

"Hii usiipeleke," alisema.

Nikaipeleka.

Mwalimu aliisoma kwa sauti katikati ya uwanja. Alipofika kwenye banda la kuku alisita, akamalizia sentensi, akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati.

"Miaka thelathini na minne nimefundisha," alisema.

Nilimwonea huruma mpaka nikasahau nani aliyemuumiza. Nikamlaani Bosi kwa sauti kuliko wote.

Ile barua ikaenda kwa Mwenyekiti wa mtaa. Yule wa zamani, aliyeshuhudia tuliponunua kiwanja, alikuwa ameshahama mji. Huyu alikuwa mpya, mkavu, mpenda muhuri. Akatoa amri: Bosi ajitokeze mwenyewe ndani ya siku saba. Asipotokea, kodi zote zitakusanywa ofisini, na nyumba itahesabiwa haina mwenyewe mpaka apatikane.

Haina mwenyewe!

"Nenda leo hii," mke wangu akasema. "Simama uwanjani, sema: samahanini, nyumba ni yetu, nilidanganya."

"Watanicheka."

"Watacheka siku mbili, ya tatu watachoka."

"Na Mwalimu?"

"Mwombe radhi. Amelea watoto wa watu, anajua kusamehe mjinga."

Alikuwa amenirahisishia kila kitu. Kilichobaki ni miguu tu. Lakini nilipowaza uso wa Mama Cherehani akikumbuka chai zake zote, miguu ikagoma.

Nikageuka, na macho yakaangukia mkeka wa sebuleni. Juu yake alikuwa amelala shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwezi wa nne huo akisubiri dili. Mrefu. Kitambi anacho. Suti ya kijivu imetundikwa msumarini. Bosi mzima alikuwa anakoroma sebuleni kwangu, nami nilikuwa sijamwona!

"Usimwingize huyo," mke wangu akanikatiza kabla sijafungua mdomo. "Nilimlea tangu mama alipotuacha. Namjua."

"Si ndiyo vizuri? Ni damu yako."

"Ndiyo maana nakuambia."

Wewe mwenye kiwanja pembeni, andika na hili. Mkeo akikwambia jambo kuhusu ndugu yake, usimfundishe kuhusu ndugu yake.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, Bosi akaingia ofisi ya Mwenyekiti. Suti imenyooshwa, miwani ya jua, funguo za gari la mtu mwingine zinaning'inia kidoleni. Wapangaji walijipanga ukutani. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeshika begi lake tupu. Mke wangu alibaki mlangoni, fagio mkononi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba atapita tu.

Shemeji akazidi matarajio. Alimwamkia kila mtu. Aliahidi bati, akaahidi mfuniko, akaahidi bomba la pili. Akamshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, barua ile imeniuma kuliko ilivyokuuma wewe," akasema. "Maana mimi sikuiandika. Aliyeiandika ni huyu." Akanisonta. "Msimamizi wangu."

Katika mambo yote aliyosema asubuhi ile, hilo peke yake lilikuwa kweli.

"Mwandiko ndio ule ule wa sahihi ya katibu," Mwalimu alisema polepole. "Niliuona. Nikajikataza kuamini."

Mama Cherehani aliangalia viatu vyangu, akageuzia uso ukutani. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Nimemwachisha kazi kuanzia sasa," Bosi akatangaza. Watu wakashangilia.

Mwenyekiti alikuwa na fomu yake. Akajaza: mmiliki, fulani. Akaja kwangu. Jina, umri, kazi iliyokoma.

"Ndoa?"

Kabla sijajibu, mpangaji mmoja akadakia, "Hajaoa huyo! Amuoe nani, kwa roho hiyo?"

Ofisi ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka ili mchezo usiharibike. Mwenyekiti akaandika hajaoa. Nikasaini. Wapangaji wakasaini ushahidi, muhuri ukashuka, paa!

Nilipogeuka mlangoni, mke wangu hakuwepo.

Nje nikamvuta shemeji pembeni. "Umezidisha bwana!"

"Shemeji, mchezo wa nusu unashtukiwa." Akanipiga piga bega, akakunja nakala yenye muhuri, akaitia mfuko wa ndani. "Hii nakaa nayo mimi, isije ikakupotea."

Nikamshukuru. Wallahi nilimshukuru.

Jioni ile hakurudi. Wala kesho yake. Suti haikuwepo msumarini, mkeka umekunjwa. Mke wangu hakuuliza alipo, na mimi sikuulizwa chochote. Alinipakulia, akakaa upande wake akashona kifungo cha shati langu. Mara mbili nilianza kusema, mara mbili nikakohoa tu.

Siku ya nne nikapita nyumbani kwangu, kwa mbali, nikichungulia kama yale mabati ya ahadi yamefika. Nikakuta mtu simjui na futi ya kupimia, anapima ukuta wa mbele. Kijana wake anaandika namba.

"Unapima nini, ndugu?"

"Nyumba yangu," akajibu. "Namalizana na mwenyewe leo saa nane, kwa Mwenyekiti."

"Mwenyewe ni mimi!"

Mama Cherehani akasimamisha mashine. "Wewe si ulifukuzwa?"

"Nyumba hii ni yangu! Nimeijenga kwa kiinua mgongo changu! Hakuna Bosi! Bosi nilimtunga!"

Walinitazama wote, toka chumba cha kwanza hadi cha sita. Nikaona hasira zinawatoka usoni, kinaingia kitu kibaya zaidi.

"Mleteeni maji," Mama Cherehani akasema kwa upole. "Kukosa kazi kumemchanganya, maskini."

Nikakimbia. Njiani nikampigia mke wangu. "Njoo kwa Mwenyekiti! Leta karatasi ya mauziano ya kiwanja! Mdogo wako anatuuza!" Akasema sawa, akakata.

Ofisini shemeji alikuwa ameshakaa, mguu juu ya mguu. Mnunuzi kando yake. Wapangaji walikuwa wamenifuata, wengine kunionea huruma, wengine kuona sinema.

Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho, akaivuta fomu ile.

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu, lakini..."

"Basi ulidanganya siku ile au unadanganya leo. Chagua. Anayesaini uongo chini ya muhuri huu namkabidhi kituo cha polisi, na simuulizi umri."

"Msamehe, Mwenyekiti," shemeji akasema, sauti ya huzuni kabisa. "Amenitumikia muda mrefu. Ni mgonjwa."

Mke wangu akaingia. Hakuwa na fagio leo. Alivaa nguo yake ya kutokea, mkoba begani. Akawapita wapangaji, akanipita mimi, akaiweka karatasi mezani.

"Dada Fagio?" Mama Cherehani akashangaa.

Mwenyekiti akaifunua. Akaisoma, kidole kikifuata mstari. Na mimi pale pale ndipo nilipokumbuka siku ya kununua. Nilikuwa zamu ya mchana kiwandani. Nilimtuma yeye na fedha zake. Miaka minne karatasi ile imekaa chini ya shuka zake, nami, bingwa wa semina, sijaisoma hata siku moja.

"Mnunuzi ni mwanamke," Mwenyekiti akasema. Akalitaja jina. Akainua macho. "Ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

Mnunuzi wa nyumba hakungoja tafsiri. Alikunja futi yake, akamnong'oneza shemeji neno ambalo gazeti hili haliandiki, akatoka.

"Dada," shemeji akaanza, amesimama, kitambi kimesinyaa. "Dada, tulikuwa tunatania..."

"Nilikubeba mgongoni nikiwa na miaka tisa," mke wangu alimwambia. "Nenda. Leo nenda tu. Nikikutazama zaidi nitalia mbele za watu."

Akaenda, hakuna aliyemzuia. Nyumba imepona! Nikasogea, nikanyoosha mkono nimshike bega.

Akajiepusha.

"Na huyu, mama?" Mwenyekiti akauliza, akinielekezea kalamu. "Karatasi yangu inasema ni msimamizi, amefukuzwa. Yeye anasema ni mwenye nyumba. Yako inasema mwenye nyumba ni wewe. Kwako ni nani?"

Mwalimu alikuwa amevaa miwani yake. Mama Cherehani amefunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mke wangu alinigeukia, macho yamejaa maji na hayakudondosha hata tone.

"Miezi mitano nimefagia uwanja wangu naitwa mtumishi," alisema. "Nilivumilia, nikasema ni biashara. Halafu nikasimama mlangoni hapo, nikamsikia anacheka." "Mimi siwezi kukujibu, Mwenyekiti. Muulize mwenyewe."

Fomu ilikuwa bado imefunguliwa mezani, neno hajaoa limeandikwa kwa wino mweusi, sahihi yangu chini yake, na muhuri umekaa juu ya vyote viwili.

Mwenyekiti akaisogeza mbele yangu. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya simu, tayari kupiga kituo cha polisi.

"Haya, msimamizi," akasema. "Umeoa, au hujaoa?"